Ukuta wa Ngoy Juu ya Pikipiki

Kijana wa Kamina anayetaka pikipiki yake ya kwanza huja kwangu akiwa ameshaichagua. Hatafuti ushauri, anatafuta shahidi. Ananiletea soda, ananikalisha, anaanza kuisifu: rangi yake, mlio wake, taa zake za kuwakawaka. Mimi nimestaafu, karakana yangu iliyo karibu na stesheni ya gari la moshi nimemwachia binti yangu, lakini soda siikatai. Nikiimaliza namuuliza swali langu moja, kwa Kiswahili chetu cha Kamina, ambamo minyi ni mimi na njo ni ndiye.

"Nani ataikala ku nyuma?"

"Aa, Papa Banza! Minyi nakuuliza juu ya moteri!"

"Moteri nimesikia. Minyi nauliza juu ya nyuma."

Hapo wengi hununa: wao wanataka injini, mimi nataka kujua atakayekaa nyuma. Basi kaeni, nyinyi mnaonuna, niwaeleze swali hilo nililitoa wapi. Lakini kwanza niwape yale ya kawaida, msije mkasema mzee amekunywa soda zetu bure.

Aliyenifundisha kazi ni mzee Kasongo, mtu mfupi na mkali, fundi wa pikipiki za misheni tangu enzi zile ambapo ukisikia mlio barabarani ulijua ni padri yupi anapita. Mtu akitaka kununua pikipiki iliyotumika, Kasongo alikwenda naye kwa muuzaji alfajiri, kabla muuzaji hajanawa uso. Aliweka kiganja kwenye injini. Ikiwa baridi, mazungumzo yanaanza. Ikiwa na joto, anageuka na kuondoka zake, kwa sababu mtu haamki gizani kuwasha pikipiki nzima, anaamka kuwasha ile inayosumbua kuwaka, ili wewe ukifika uikute imechangamka. Kisha alipiga magoti mchangani akaangalia chini, penye mafuta yanayovuja na vyuma vilivyochomelewa mara mbili. Huku juu, alisema, hata mwizi anapangusa.

Siku hizi nyingi zinakuja mpya, vipande vipande ndani ya sanduku, zinaungwa hapahapa na kijana mwenye haraka ya kwenda kula. Kuwa mpya si kwamba nati zimekazwa. Chukua spana, anza gurudumu la mbele, pitia kila nati mpaka nyuma, ndipo uwashe. Yuko mmoja aliondoka hapa na pikipiki mpya kwenda Kaniama, akafika salama, lakini njiani aliacha bomba la moshi, kifuniko cha mnyororo na kiatu kimoja. Kiatu hakikuwa kosa la nati, ila alikuwa anarudi nyuma mbio kutafuta hivyo vingine.

Na vioo vya pembeni viacheni mahali pake. Najua, siku ya kwanza tu mnaving'oa, eti vinaifanya pikipiki ionekane ya masista. Viacheni.

Sasa Ngoy.

Ngoy ni seremala, Mmethodisti, mwongoza kwaya, mtu wa mabega mapana na sauti ya besi inayotikisa madirisha. Mkewe ni Numbi, anayeuza sokoni samaki wakavu wanaotoka Bukama. Mama yake Numbi, Mama Monga, ni mkulima Mkatoliki, anakaa kijiji kilicho ndani, pembeni ya barabara ya Kaniama, baada ya mchanga mrefu ambao hata mwenye baiskeli hushuka akasukuma. Mama huyo alikuwa na kidonda mguuni, kidonda cha sukari, kisichotaka kupona. Muuguzi wa hospitali alikuwa amesema waziwazi mbele ya Numbi: aletwe kila wiki kusafishwa, asipoletwa, mguu utakatwa. Mwanzoni alikuwa analetwa na mpwa wake kwa baiskeli, mpaka mpwa alipokwenda kutafuta kazi Kolwezi. Vijana wa taksi ya pikipiki waliukwepa mchanga ule. Mmoja aliyekubali kuingia, Mama Monga alimkataa mwenyewe, akisema hawezi kushika kiuno cha kijana ambaye hajui hata nyanya yake ni nani. Ahamie mjini kwa mkwe wake? Haiwezekani, na sababu yake ndiyo kiini cha hadithi yote.

Wale ambao si Waluba niwaambie. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamesimama uwanja mmoja. Ni heshima, tunaiita buko. Siku hizi mjini wako wanaoilegeza kidogo. Mama Monga hakulegeza hata uzi.

Ngoy akanijia na soda yake. Alikuwa ameshaona pikipiki, ndefu, nyekundu, tangi limetuna, kiti kimepanda nyuma juu kama paa la nyumba. Nikamuuliza swali, maana hata wakati ule nilikuwa nauliza, ila nilikuwa nauliza kwa ajili ya springi tu: anayebeba magunia anahitaji springi ngumu kuliko anayebeba mchumba.

"Nani ataikala ku nyuma?"

"Mama mukwe," akasema, bila kupepesa.

Soda ikanipanda puani. "Ngoy! Mama mukwe ku mugongo yako?"

"Papa, minyi niko fundi ya mbao. Kuko kintu nitafanya."

Nilimwambia pikipiki ile ni ndefu mno kwake. Kwa mwanafunzi, akiwa amekaa, nyayo zote mbili ziguse chini, si vidole, nyayo. Na kabla hujanunua, mzee Kasongo alitulazimisha kuisukuma pikipiki kwa mikono, injini imezimwa, mchangani, mpaka jasho likuambie uzito wake. Ngoy akacheka. Alisema yeye amezoea kubeba magogo, na kwaya nzima inajua kwamba anakuja na nyekundu. Kwaya ikishajua, basi tena. Akainunua.

Mnajua alichofanya? Alijenga ukuta. Naapa, ukuta. Alichukua ubao mzuri mpana, akaupiga randa, akaupaka vanishi, akausimamisha katikati ya kiti na kuufunga kwa vipande vya chuma kwenye fremu. Ulifika mpaka kisogoni mwake. Upande wake ulikuwa mtupu, upande wa mama mkwe ulikuwa na vishikio viwili vilivyochongwa vizuri kama vya kiti cha askofu. Mtu akikaa mbele na mwingine nyuma, hawagusani, hawaonani, kila mmoja yuko nyumbani kwake. Nikiwaambia sikuvutiwa nitakuwa nadanganya. Niliuzunguka, nikaugonga kwa kidole, nikasema hiki kitu sijawahi kukiona, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli tupu.

"Upepo je?" nikamuuliza.

"Upepo gani? Sisi tunakwenda polepole."

Siku ya safari ya kwanza niliwafuata na pikipiki yangu, kwa sababu mwanafunzi nisiyemwamini humfuata, na Numbi alikaa nyuma yangu. Tulimchukua Mama Monga kijijini. Alitoka amegeuza uso, amevaa kitenge chake cha Jumapili, akauzunguka ukuta kama nilivyouzunguka mimi, akauliza kupitia kwa binti yake kama hiyo ni pikipiki au kabati. Lakini alipokaa na kushika vishikio, niliona ameridhika. Ngoy akaondoka.

Jueni jambo moja, nyinyi mnaochagua kwa macho. Pikipiki haianguki kwa sababu ya uzito, inaanguka kwa sababu uzito uko juu. Pale palikuwa na kiti kirefu, juu yake ubao, juu ya ubao upepo, na mbele mwanafunzi anayegusa chini kwa vidole. Ukuta ulijaa upepo ukaanza kumwendesha Ngoy yeye mwenyewe. Alikwenda kushoto wakati usukani unakwenda kulia. Walifika mchangani, gurudumu la mbele likazama, na vyote vikalala: seremala huku, mama mkwe kule, pikipiki katikati, ukuta umeng'oka, umesimama wima mchangani kama mtu anayetafuta aliyempotezea njia.

Tulipowakaribia, nikasimamisha, na ninakiri Numbi alinifinya mbavuni ili nisicheke. Mama Monga alikuwa amekaa chini, kitenge chake kimebanwa na usukani. Ngoy alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, ameupa mgongo msiba wote, anaangalia kichaka. Kumgusa hawezi. Kumtazama hawezi. Na mtu wa tatu wa kupitisha neno hakuwapo, sisi walikuwa hawajatuona bado. Basi walikuwa wanazungumza na ubao.

"Weye libao," Mama Monga anasema, "uambie huyu bwana ya mutoto yangu: pikipiki yake imelala ku kitenge yangu."

"Libao," Ngoy anajibu kichakani, "uambie mama: minyi nasikia, lakini nitaiondosha namna gani bila kuangaria?"

"Libao, umuambie akuye kinyumenyume!"

Na kweli, yule mwenye mabega mapana alikuja kinyumenyume, akipapasa hewa kwa mikono nyuma yake, mpaka Numbi aliporuka kutoka kwenye pikipiki yangu akamwinua mama yake mwenyewe. Mguu haukuvunjika, lakini bendeji ilikuwa imejaa mchanga mpaka ndani ya kidonda. Nilipoiona kicheko kilinikauka. Siku hiyo hospitalini muuguzi alimkaripia Numbi mpaka akalia, akamwambia mara nyingine kama hiyo hataandika dawa, ataandika upasuaji.

Numbi alinijia asubuhi iliyofuata, macho mekundu, kanga ya kuuzia samaki begani. "Papa Banza, unifundishe minyi."

"Na bwana yako?"

"Ataambiwa nikishajua. Kwaya yote inajua pikipiki ni yake. Nikianguka sasa, atakufa na haya mbele yangu."

Ndipo mimi nikafurahi, maana siri ya aina hiyo ndiyo raha ya kazi yangu. Tulijifunzia asubuhi mapema kwenye uwanja ulio nyuma ya reli. Ile nyekundu haikumfaa, akiipanda miguu inaning'inia. Nilimletea ndogo, fupi, kuukuu, ya bluu iliyofifia, yenye kiti cha chini na vioo vyote viwili. Abiria wake wa kwanza alikuwa gunia la mahindi lililofungwa kwa mpira wa tairi. Gunia ni abiria mzuri: halipigi kelele, halikushiki kiuno, na likianguka halina kidonda. Nilimfundisha mchanga: usibane usukani, usitazame gurudumu, tazama pale unapotaka kufika, na gesi usiiachie kwa woga, kwa sababu pikipiki ikipunguza mwendo mchangani ndipo inapozama. Akaanguka mara kadhaa, akapangusa goti, akaendelea. Ngoy alikuwa anaambiwa kwamba mkewe ananiletea samaki, kwa hiyo ilibidi alete samaki kweli. Mke wangu aliwakaanga kwa muda, kisha akataka kujua ni nani mjini hapa anayenipenda kiasi hicho.

Ngoy tulimpataje? Nilimwambia alete ile nyekundu, nitaikagua bure, lakini aisukume kama mzee Kasongo alivyotaka, kutoka nyumbani kwake mpaka karakana, injini imezimwa. Njia inapita mbele ya kanisa, na siku hiyo kwaya ilikuwa inafanya mazoezi nje. Nilijua. Alipofika kwenye mchanga wa kanisa alikuwa ameloa jasho, shati limegandamana mgongoni, soprano wote wanamtazama. Hapo Numbi akatokea kwenye ile ya bluu, gunia limekaa vizuri nyuma, akauvuka mchanga bila kuyumba, akasimama ubavuni mwa mumewe. Akalifungua gunia, akalishusha.

"Bwana yangu," akasema, "ikala nyuma."

Ngoy alimtazama mkewe, akaitazama pikipiki, akawatazama soprano. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta wa kanisa. Kama angekataa, mguu ule ungekwisha, maana Numbi asingeendesha kwa kumkaidi mumewe mbele za watu.

"Weye njo utamubeba mama?" akauliza, polepole.

"Minyi njo mutoto yake. Naweza kumushika."

Ngoy akaiegemeza ile nyekundu kwenye nguzo ya kanisa, akapanda nyuma ya mkewe, magoti yamefika masikioni. Besi wakaanza kuimba, kwa kejeli sidhani, labda nusu nusu. Nyekundu tulimuuzia mchuuzi mmoja wa samaki mwenye miguu mirefu, na fedha yake ikalipia ile ya bluu.

Tangu hapo kila wiki Numbi alikwenda kijijini. Lakini ule mchanga mrefu, ukiwa na watu wawili na kapu la mihogo ambalo Mama Monga hakukubali kuliacha, haukupitika bila kusukumwa. Hapo Ngoy akapata kazi yake. Alichonga mti mrefu wenye panda mbele, kama fimbo ya kuinulia kamba ya nguo. Wakifika kwenye mchanga, yeye aliyetangulia kwa baiskeli anawangoja, anaweka ile panda kwenye chuma cha nyuma ya pikipiki, anainamisha uso, anasukuma kutoka mbali, umbali wa heshima. Gurudumu linamrushia mchanga wote. Alikuwa anarudi mjini mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na watu walikuwa na la kusema, na wengine walilisema kwa sauti. Mama Monga hakuwahi kugeuza kichwa. Hakuwahi kutuma hata neno la asante kupitia kwa binti yake.

Siku moja Ngoy alikaa karakana akijikung'uta masikio. "Papa, minyi nafikiri mama hajue hata kama niko nyuma."

Nikampa kitambaa.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua katika ile ya bluu. Kila wiki Numbi akiileta, kioo cha kushoto kilikuwa kimepinda, kimegeuka ndani na chini, dereva hawezi kuona kitu. Nilikaza nati. Wiki iliyofuata, kimepinda tena. Nikabadilisha nati. Nikaweka washa, kile kipete cha chini ya nati. Nikamgombeza Numbi kwamba anaegesha vibaya, akaapa kwamba hakigusi. Nikasema basi ni mtetemeko wa barabara, maana fundi asipojua sababu husema mtetemeko.

Kidonda kilifunga mwisho wa mvua. Muuguzi aliuona mguu, akaubonyeza, akamwambia Mama Monga asirudi tena mpaka amkumbuke. Siku hiyo, kabla ya kurudishwa kijijini, mama alipita karakana na Numbi. Ule ubao wa Ngoy nilikuwa nimeugeuza benchi, hilohilo mnalokalia nyinyi mnaponiletea soda, vishikio vyake bado viko. Mama Monga akakaa. Numbi akaenda kununua petroli. Ngoy alikuwa ndani anarekebisha mlango wangu, akasikia nani ameingia, akageukia ukutani akasimama hivyo hivyo na randa mkononi. Mimi nilikuwa chini ya pikipiki ya mteja, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakuna aliyeniita niwe mtu wa tatu, na mimi sikujitolea.

Mama akapapasa ubao kwa kiganja.

"Weye libao," akasema, "uambie mukwe yangu. Desturi inanikataza kugeuza kichwa. Kioo haikatazi. Njo minyi nilikuwa nakigeuza kile kioo, kila wiki, juu ya kumuona namna anasukuma. Nilimuona na mutuchanga ku macho, nilimuona bantu banamucheka. Umuambie nilimuona yote."

Ndani randa ikawekwa chini.

"Libao," Ngoy akaanza, na ile besi ya kutikisa madirisha ilikuwa imebaki uzi. "Libao, uambie mama..." Hakumaliza. Mama Monga akaitikia kwa kichwa kama aliyesikia yote, akajibu "Wafwako, tata," kwa Kiluba, asante baba, akainuka akaenda kumngojea binti yake nje.

Mimi nilibaki chini ya pikipiki ya watu muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Numbi bado anaiendesha ile ya bluu, na akiileta kutoka kwa mama yake kioo kikiwa kimepinda, binti yangu hunyanyua spana. Namwambia akiache.